"Tak!" na pikipiki haiwaki

Bodaboda iliyosukumwa hadi gereji mjini Nansio ilikuwa na dalili moja: ukibonyeza stata inasikika "tak", basi. Mwenyewe alishajipa jibu.

"Fundi, rilei imekufa hiyo. Tuagize Mwanza."

"Subiri kwanza, bosi. Weka nyutro, bonyeza, tazama hiyo taa ya kijani."

Kipimo hicho hakina gharama, na kinawapita wengi. Rilei ya stata ni swichi inayovutwa kwa sumaku. Ukibonyeza kitufe, umeme mdogo unapita kwenye koili, koili inavuta kisahani cha shaba, nacho kinaunganisha nguzo mbili nene: moja ya betri, nyingine ya mota. "Tak" ni kisahani kuvutwa tu; haithibitishi kwamba umeme umevuka. Taa ya nyutro ndiyo shahidi. Ikififia sana, betri ni dhaifu au mota imekwama. Isipotikisika, umeme haufiki kwenye mota. (Taa kubwa haifai kwa kazi hii: kwenye pikipiki nyingi haiwaki mpaka injini iungurume.)

Taa haikutikisika. Ikaja mita: betri volti 12.5, na kitufe kikibonyezwa ikabaki karibu hapo hapo. Kisha ncha za mita zikawekwa kwenye nguzo mbili za rilei, kitufe kikabonyezwa tena, mita ikasoma zaidi ya volti 12. Swichi iliyojifunga vizuri haistahili kuacha hata nusu volti kati ya nguzo zake. Hapo mwenye pikipiki akawa na haki ya kuagiza.

Mafundi wengine wangeziunganisha nguzo hizo kwa spana. Jibu linapatikana upesi, lakini cheche ni kali, na pikipiki ikiwa kwenye gia inaondoka na wewe.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ndogo. Waya wa hasi unatoka kwanza na kurudi mwisho, maana spana ikiwa kwenye chanya na kugusa fremu ni shoti. Linalotaka umakini ni kuagiza. Kuna rilei zinazopata hasi kupitia soketi yake, na nyingine hupata hasi kupitia bodi lake lililofungwa kwa bolti. Ukiagiza ya aina nyingine, unangoja meli tena. Tuma picha ya soketi, siyo jina la pikipiki tu.

Ile ya zamani ilipofunguliwa, kisahani kilikuwa cheusi, kimejaa vishimo, na nguzo zina kutu ya kijani. Pikipiki hiyo hubeba samaki kutoka mwaloni, na maji ya kreti hudondokea chini ya siti. Lakini mimi lawama kubwa naipa bolti ya hasi kwenye fremu, iliyokuwa imelegea. Hasi ikilegea, koili hukosa nguvu ya kukishika kisahani; kinatetemeka, na kila mtetemo ni cheche inayokula shaba. Rilei mpya ingefungwa bila kugusa bolti hiyo, ingekufa vilevile.

Fundi aliipiga msasa bolti, akaikaza. Kisahani nacho kikapigwa msasa, rilei ikarudishwa kwa muda. Stata ikazunguka, na mwenyewe akaendelea na kazi huku akiusubiri mzigo wake kutoka Mwanza.