Hasidi Nyuma ya Matatu: Maandishi ya Njia ya Ruiru na Thika

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamekwisha kuikubali kanga kuwa ni ukurasa. Misemo yake imekusanywa, ikaainishwa na kufasiriwa. Matatu, iliyoruhusiwa rasmi kuchukua abiria mwaka 1973, haijapata heshima ya kadiri hiyo. Kitabu cha Mbugua wa Mungai cha 2013 kimeutazama utamaduni wa matatu za Nairobi, lakini kwa Kiingereza. Suala la fani ya Kiswahili lingali wazi. Hali kadhalika ukuta wa kinyozi uliochorwa vichwa vilivyonyolewa, na mlango wa bucha wenye ng'ombe.

Na tuuchukue msemo mmoja unaopatikana kwenye nguo na kwenye gari pia: Hasidi hana sababu. Mwanamke aliyejifunga kanga hiyo anamjua anayemsema, ingawa hamtaji, na akiulizwa aweza kukana. Nyuma ya matatu, msemaji hamjui msomaji wake. Msomaji ni yeyote aliyeachwa nyuma. Kwa kule kuachwa tu, amekwisha kuwa hasidi. Maneno hayakubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni mahali yalipoandikwa. Basi fani ya utanzu huu haimo katika maneno peke yake.

Dukani nako, Kukopa harusi, kulipa matanga humnyima mteja mkopo bila ya kumvunjia heshima. Anayekataa si mwenye duka, bali ni wahenga.

Wako wanaodai kwamba haya ni mapambo tu, hayastahili kuhakikiwa. Dai hilo linasahau kuwa katika miji hii Kikuyu ndicho lugha ya nyumbani kwa wengi. Mwenye gari anapochagua methali ya Kiswahili, amekwisha kuamua kusema na msafiri, si na jirani tu. Huo ni uamuzi wa kifasihi.

Hata hivyo, sifa zisizidi kiasi. Chapa za mashine zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya brashi, na sura za wanamuziki wa Marekani na wachezaji wa Ulaya zimetanda ubavuni mwa magari. Picha imenawiri, neno limekonda. Kasoro si Sheng wala Kiingereza, kwani msemo wa Sheng waweza kuwa na makali yake. Kasoro ni pale neno linapogeuka lebo ya picha, lisimwambie mtu kitu.

Utanzu huu hauna maktaba. Mwaka 2004, kanuni zilizosimamiwa na Waziri John Michuki ziliamuru mstari wa manjano, na michoro mingi ikafunikwa kwa rangi. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akaunga mkono kurudi kwake. Kati ya miaka hiyo, upanuzi wa barabara ya Thika, uliokamilika 2012, uliondoa vibanda vingi vya kandokando pamoja na maandishi yake. Yaliyofutwa hayawezi kuhakikiwa ila yale yaliyonakiliwa.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana kama hii ni fasihi simulizi au andishi, idara za Kiswahili ziwatume wanafunzi wao Ruiru na Thika, daftari mkononi. Wanakili maneno, mahali yalipo, na nani anayeyasoma. Nadharia itangoja, mpaka rangi hatangoja.