Kazi ya Kuacha Wazi

Mwashi ukitaka kumsifu unasimama mbele ya ukuta wake. Seremala, unaupapasa mlango. Afisa mipango miji utamsifia wapi, ikiwa kazi yake njema iko pale ambapo hapana kitu: uwanja wa mpira ambao bado ni uwanja, bonde ambalo mafuriko yalilikuta tupu yakapita zake, njia ambayo gari la zimamoto liliingia bila kuhangaika? Mtaa ukikaa vizuri tunamshukuru Mungu. Ukikaa vibaya tunauliza mipango miji walikuwa wapi.

Kijana mimi nilikuwa tarishi katika ofisi ya ramani ya mji mmoja wa mkoani, na chumba nilichokipenda kilikuwa cha wachoraji. Kilinuka amonia ya mashine ya kutolea nakala, ukikaa sana macho yanawasha. Karatasi ya kuchorea ilikuwa adimu miaka ile, ikifika inafungiwa kabatini, kwa hiyo mstari kukosewa haikuwa sababu ya kuanza karatasi nyingine. Mzee mmoja pale alikuwa na wembe. Anauvunja katikati, anashika nusu kwa vidole viwili, anaulaza karibu kabisa na karatasi, kisha anaukwangua wino taratibu mpaka mstari unageuka vumbi jeusi. Anapuliza. Halafu, na hapa ndipo nilipokuwa nikisahau bahasha zangu, anapasugua mahali pale kwa ukucha wa kidole gumba, anazungusha na kuzungusha, mpaka karatasi inarudia ulaini wake. Bila hivyo, alinieleza, wino mpya ungetambaa kwenye nyuzi zilizochubuka na barabara ingeota ndevu. Kufuta kiwanja kimoja kuliweza kumla asubuhi nzima. Kwa kuwa kufuta kulikuwa taabu, alifikiri kwanza.

Wala hakuanza na nyumba. Alianza na vile visivyojengwa: mkondo wa maji, makaburi, shule na uwanja wake, soko, njia. Nyumba zilikuja mwisho, zikajipanga kwenye kilichosalia. Kando ya barabara kuu aliacha ukanda mpana ambao sisi vijana tuliuona ni kuchezea ardhi. Kumbe alikuwa akifanya lile afanyalo fundi cherehani mwenye huruma kwenye sare ya mtoto: anaficha kitambaa ndani ya upindo, maana mtoto atarefuka na baba yake hatakuwa na pesa ya sare nyingine.

Sisemi kazi hii ni ya malaika. Imewahi kutumikia ubaya, tena kwa ustadi mkubwa. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1914 ziliugawa mji wa Dar es Salaam mafungu matatu, na Waingereza walipoingia wakaendeleza mtindo uleule, Uzunguni kule, Uhindini hapa, Kariakoo kwa Waafrika. Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ili watu wasikaribiane. Yule aliyeuchora hakujua kwamba anatuachia uwanja wa kukutania. Baada ya uhuru tukapata mpango mkuu wa mwaka 1968 na mwingine wa 1979, yote miwili ikiwa ya wataalamu kutoka Kanada, lakini mji haukuwa na subira ya kungoja wino ukauke. Sinza na Kijitonyama zilipimwa miaka ya 1970, Kibada na Mbweni zikaja na ule mradi wa viwanja 20,000. Kwingineko watu walijenga kwanza, serikali ikafuata nyuma ikihema.

Ndiyo maana kijana anayeajiriwa leo, Afisa Mipango Miji Daraja la II, katoka Chuo Kikuu Ardhi na miaka yake minne ya darasani, ni nadra kupewa pori apange atakavyo. Anapewa mtaa uliokwisha kujaa, anaambiwa aurasimishe.

Nilimwona mmoja akiifanya kazi hiyo mteremkoni huko nyuma ya Kimara. Jina lake silitaji, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Binti mwembamba, viatu vimejaa vumbi, amefuatana na mjumbe na vijana wawili wa kushika tepu. Shida ilikuwa kichochoro kilichopita kati ya nyumba ya bibi mmoja na ukuta wa jirani, chembamba kiasi kwamba mwenye ndoo kichwani humpisha mwenzake kwa kujibanza. Ilitakiwa mita moja na nusu kutoka kila upande. Nilidhani ataitoa tepu. Aliiacha kwenye mkoba, akapiga hodi, akavua viatu, akakaa mkekani.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Mmekuja kubomoa?”

“Hapana bibi. Nimekuja kuuliza maji ya mvua yanapita wapi hapa kwako.”

Hilo swali lilikuwa ufunguo. Bibi akayaeleza maji, kutoka maji akaingia kwenye choo cha jirani, kutoka choo akafika kwenye msiba wa mume wake, namna jeneza lilivyokwama kwenye kona ikabidi vijana walipandishe juu ya ukuta na kulipokelea upande wa pili, watu wakitazama. Binti hakuandika kitu. Alimpa pole, akanyamaza muda mrefu kuliko ninavyoweza kunyamaza mimi. Mwisho bibi mwenyewe akasema, chukueni hiyo mita yenu, ila mwembe wangu msiuguse.

Mwembe ulisimama katikati kabisa ya mita yenyewe. Jirani alisimama mlangoni akisikiliza, akatoa kidogo zaidi kwa upande wake, sijui kwa huruma au kwa kuona haya. Baadaye nilionyeshwa mchoro. Njia inashuka imenyooka, ikifika pale inajikunja kidogo, inaupisha mwembe, inarudi kwenye mstari wake. Mtu wa ofisini ataona kasoro ya mkono.

Siku hizi mikunjo ya namna hiyo ni michache. Droni inapaa, picha inashuka, mtu kwenye kiyoyozi anavuta mistari juu ya mapaa ambayo hajawahi kuyaona kutoka chini, na kufuta ni kubonyeza kitufe kimoja. Sina ugomvi na mashine, ingekuwako enzi zile yule mzee angebakiwa na macho yake. Ugomvi wangu ni na haraka. Ziko kampuni za urasimishaji zilizokusanya michango ya watu mtaa baada ya mtaa, zikaacha vigingi vichache na namba za simu zisizopokelewa. Wako wanunuzi wanaouliza bei kabla ya kuuliza kiwanja kiko juu ya nini. Desemba 2011 Msimbazi ulipofurika tukaona kilichokuwa chini ya nyumba za bondeni, na walionusurika wakapelekwa Mabwepande kuanza upya. Mwaka 2017 hapohapo Kimara, kuelekea Kibaha, nyumba zilizoingia hifadhi ya barabara ya Morogoro zilivunjwa moja baada ya nyingine. Upindo ulikuwapo kwenye ramani miaka yote. Tuliushonea mifuko.

Yule binti alihamishiwa meza ya maombi ya kubadilisha matumizi ya ardhi. Alinisimulia jalada moja, bila kutaja mahali: eneo la wazi wanapochezea watoto, mwombaji anataka kituo cha mafuta. Alikwenda kulikagua saa kumi jioni, maana asubuhi watoto wako shuleni na uwanja wowote huonekana hauna kazi. Akaandika dokezo la nusu ukurasa: nyumba zilizouzunguka, shule iliyo ng'ambo ya barabara, uwanja mwingine ulivyo mbali kwa miguu ya mtoto wa miaka saba. Akamalizia kwamba hapendekezi, akaweka sahihi, akalipeleka masjala. Jalada likapanda kwa wakubwa, likashuka limeidhinishwa. Kituo kinauza mafuta usiku na mchana, na watoto sasa wanacheza barabarani.

Mwenyewe amerudishwa kwenye urasimishaji. Wenzake wanaona ameshushwa. Yeye ameniambia afadhali, kule angalau anaowaomba mita moja na nusu huwa wanamsikiliza.