Kanuni ya Treni ya Mafuta Iwe na Hesabu

Hapa Kilelengwani, kwenye delta ya Tana nchini Kenya, hakuna reli, na petroli hufika mji wa Garsen kwa lori. Lakini mpango wa miundombinu wa LAPSSET una bandari ya Lamu, bomba la mafuta na reli ya kwenda Isiolo, na gati la kwanza la bandari hiyo lilizinduliwa Mei 2021. Watu wa delta wana haki ya kujua mapema jinsi treni ya mafuta inavyoua.

Usiku wa Julai 5, 2013, dereva mmoja aliegesha treni yenye mabehewa 72 ya mafuta ghafi huko Nantes, Kanada, juu ya mteremko, akaenda kulala. Breki za treni hufanya kazi kwa upepo unaojazwa na injini. Injini ikizimwa, upepo huvuja na breki hulegea. Kinachobaki ni breki za mkono, zinazokazwa behewa moja baada ya jingine. Dereva alikaza saba. Kanuni ya kampuni ilitaka tisa. Wachunguzi walipopiga hesabu ya uzito na mteremko, walikuta zilihitajika zisizopungua 17, pengine hata 26. Yaani hata angeitii kanuni, treni ingeserereka.

Na alijaribu breki. Jaribio lenyewe ni kulegeza breki zote za upepo, kisha kuisukuma treni kwa injini: isiposogea, breki za mkono zimeshika. Yeye aliacha breki za upepo za vichwa vya treni zikiwa zimefungwa. Treni haikusogea, akaamini. Baadaye kichwa kimoja kikashika moto, wazimamoto wakazima injini, upepo ukavuja. Karibu saa saba usiku treni iliingia mji wa Lac-Mégantic kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Mabehewa 63 ya mafuta yaliacha reli, lita milioni sita hivi zikamwagika, na watu 47 wakafa.

Mwezi huohuo Kanada ilipiga marufuku treni ya shehena hatari kuendeshwa na mtu mmoja au kuachwa bila mlinzi kwenye njia kuu. Matangi yenye kuta nene yaliagizwa mwaka 2015. Kwangu mimi marufuku ile ina uzito kuliko matangi, kwa kuwa inazuia ajali yenyewe.

Delta ni tambarare, haina mteremko kama wa Nantes. Adui wetu ni maji. Januari 1993, mafuriko yalidhoofisha daraja la reli huko Ngai Ndethya, hapahapa Kenya, treni ya abiria ikatumbukia mtoni na zaidi ya watu 100 wakafa. Kwa hiyo kanuni ya hapa inahitaji hesabu yake: mto ukifika kina gani treni ya mafuta isimame, na nani mwenye amri ya kuisimamisha, hata saa nane za usiku.

Mikutano ya maoni ya umma ikiitishwa Garsen, nendeni. Msikubali kanuni inayosema tu “tahadhari ichukuliwe”. Ombeni namba, na muulize zimepigiwa hesabu kwa vipimo vya mto upi.