Sifa ya Kutunza Gari Kuukuu Tarbaj

Miongoni mwa sanaa ambazo zama zetu hazijazipa taadhima inayozistahiki, mimi huitanguliza hii ya kukaa na chombo cha moto kilichokwisha kula chumvi nyingi, kukitunza kwa mapenzi wala si kwa kukosa kipya, na kukijua ndani na nje hata kikawa hakina siri tena kwa mwenyewe. Na lau ningeulizwa ni wapi katika Kenya sanaa hiyo inapotimia, nisingetaja Nairobi yenye maduka ya spea kila mtaa; ningetaja Tarbaj, kaskazini ya mji wa Wajir, katika njia iendayo Kotulo na Elwak hadi Mandera, ambako kutoka Nairobi ni mwendo wa zaidi ya kilomita 600, na ambako mwenye gari kuukuu hana budi kuwa fundi yeye mwenyewe, ama awe na fundi aliye sahibu yake.

Gari ninalolikusudia ni Land Rover la umbo la zamani, lenye springi za mabamba na tundu mbele la kutilia hendeli. Lilionyeshwa kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, wakati Uingereza ingali na uhaba wa chuma baada ya vita, na kwa sababu hiyo waundaji walilivika bodi ya aluminiamu juu ya chesisi ya chuma. Sisi wa pwani tunajua mwisho wa chesisi hiyo: hewa ya chumvi ya Mombasa na Lamu huila polepole, hata siku moja ukiidukua kwa bisibisi inazama. Tarbaj iko baidi na bahari, na mvua zake za masika na vuli, ambazo Wasomali huziita gu na deyr, ni haba. Ukavu ule ule unaomtaabisha mfugaji ndio unaokihifadhi chuma, kikadumu aushi ya mtu na zaidi.

Adui wa huko ni vumbi, vumbi jepesi la nchi ya mawe ya chokaa, lipenyalo hata pasipopenya maji. Hapo napenda kukawia kidogo, kwa kuwa sijaona hikima iliyofichwa mahali padogo kuliko hii. Chujio la hewa la magari hayo halikufanywa kwa karatasi. Ni kopo la chuma lenye oili chini yake. Hewa inayovutwa na injini hushuka kwa kasi mpaka usoni pa oili, kisha hulazimika kugeuka ghafla na kupanda kupitia nyuzi za chuma; hewa kwa wepesi wake hugeuka, na vumbi kwa uzito wake hushindwa, likazama. Jioni ya safari mwenyewe hulifungua kopo, akamwaga tope, akalipangusa kwa kitambaa, akatia oili safi hadi penye alama. Kazi hiyo haina sifa machoni pa watu, wala hakuna aionaye. Lakini akiiacha, vumbi litafika silindani, litazila ringi, na injini itaanza kutoa moshi wa buluu kabla ya mwaka kwisha.

Yako mengine ya namna hiyo. Jua la adhuhuri likiichemsha petroli ndani ya mrija wake, injini ikazimika, mjuzi hafungui chochote: hulowesha kitambaa, akakizungusha penye pampu, akangoja. Gasketi iliyopasuka hukatwa upya kwa karatasi ngumu ya boksi. Bamba la springi likivunjika mbali na watu, hufungwa kwa ngozi mbichi, nayo ngozi ikikauka hujikaza hata gari likafika mjini kwa mwendo wa taratibu. Ama vipimo, kitabu cha injini ya lita 2.25 ya petroli chataka vali ziachiwe inchi 0.010, na zile ncha za umeme ndani ya distribyuta inchi 0.015; fundi huvipima kwa bamba jembamba, na mwanagenzi wake, aliyekwisha kuziosha nati zote na kuzipanga juu ya gunia kwa utaratibu wa kufunguliwa kwake, humshikia tochi. Lakini vipimo si yote: mfugaji wa Kisomali humjua ngamia wake gizani kwa mlio wa kengele ya mti iliyo shingoni mwake, na fundi aliyekomaa hali kadhalika huijua vali iliyolegea kwa mlio wake kabla ya kuinua boneti.

Pikipiki nazo zina wapenzi wao. Yamaha AG100, iliyoundwa kwa ajili ya watu wa mashamba na mifugo, ina mnyororo uliofunikwa wote ndani ya gamba lake, na kwa nchi ya mchanga hilo pekee latosha kumfanya mtu aihifadhi.

Wako wasemao kwamba kushikamana na vyombo hivi ni ukaidi, maadamu Land Cruiser mpya zimejaa njiani. Siwabishii juu ya mwendo wala starehe. Ila gari la leo limefungwa na kompyuta, na mwenyewe husimama mbele yake kama mgeni mbele ya mlango. Gari lile la zamani liliundwa kwa dhana kwamba mwenye kulimiliki ana akili na mikono, na atapenda kujua. Mimi naiona dhana hiyo kuwa ni heshima, na kulitunza gari ni kuijibu.

Nairobi, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, hufanywa mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa 1970 na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo, ambapo waamuzi huchunguza rangi, viti, injini, hata uvungu wa magari na pikipiki. Nayaheshimu, maana yamewaonyesha wengi kwamba utunzaji ni ustadi. Nina ombi moja tu: siku moja liletwe Land Rover la Tarbaj, lisipakwe rangi wala kufichwa mikwaruzo ya miiba ya migunga, lije kwa magurudumu yake lenyewe kupitia Wajir na Modogashe na Garissa, na waamuzi waanze kwa kulifungua kopo la chujio, watie kidole katika oili, kisha wamwite mwenyewe awaeleze aliibadilisha lini, na wapi, na vumbi hilo ni la nchi gani.