Mkono Usiosimama

Jirani yangu hapa Mbale, mzee aliyepiga ngoma za kadodi ujana wake wote, alisikiliza wimbo mzima kwenye simu yangu bila kutia neno. Ulikuwa "How Do I Let a Good Man Down?" wa Sharon Jones na bendi yake ya Dap-Kings. Ulipokwisha akaniuliza, "Hawa ni wa enzi za Amin, mwanangu?" Nikamjibu kuwa albamu ilitoka 2005. Akaguna, akaomba niurudie. Mara ya pili kidole chake kilikuwa kinagonga mkono wa kiti, tena mahali ambapo mimi nilikuwa sisikii kitu. "Huyu wa gitaa," akasema, "anajua kunyamaza."

Nilikuwa nimeusikiliza wimbo huo miaka, na sikuwahi kumfuata mtu wa gitaa. Sasa simwachi. Katika fanki, mpiga gitaa la rithimu hapumzishi mkono wa kulia: unashuka na kupanda juu ya nyuzi mara kumi na sita ndani ya mapigo manne, mfululizo, kama mtu anayepepeta mchele. Vidole vya kushoto, kwa upande wao, vinazigusa nyuzi kidogo tu zisiimbe, kwa hiyo kinachotoka ni mkwaruzo mkavu. Kisha mara mbili au tatu vidole vinakaza na sauti inaruka, chak, halafu mkwaruzo tena. Anayejifunza hukimbilia ile chak. Binky Griptite wa Dap-Kings hukaa na mkwaruzo wake wimbo mzima bila kutafuta sifa. Nyuma yake Homer Steinweiss anafanya vivyo hivyo kwa ngoma: kati ya mapigo mazito anatia mapigo madogo ya chini kwa chini, ambayo hutayasikia mpaka uyatafute. Ufundi huu ni wa Clyde Stubblefield, aliyempigia James Brown miaka ya 1960. Brown aliwataka watu wake watue pamoja kwenye pigo la kwanza. Wakishatua, kila mmoja atafute nafasi yake katika mapengo ya wenzake.

Mtu wa Busoga hahitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili. Embaire yao ni marimba makubwa ya magogo, yamelazwa juu ya migomba na kuchimbiwa shimo chini ili sauti ivume, na watu sita au zaidi hukaa pande mbili wakipiga ala hiyo moja. Wa kwanza anaanza, wa pili anapenyeza mapigo yake katikati ya yale ya wa kwanza, na mwendo ni wa kasi hata sikio linasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Kikundi cha Nakibembe kilitoa albamu yake 2023 kupitia Nyege Nyege Tapes, watu wale wale wa tamasha lililoanzia Jinja 2015. Nimeisikiliza siku moja na ya Dap-Kings, moja baada ya nyingine, na sikuona haja ya kubadilisha masikio.

Kurekodi nako ni kazi ya mikono. Gabriel Roth, mpiga besi wa Dap-Kings, na Neal Sugarman wa saksafoni walianzisha kampuni ya Daptone 2001, wakaigeuza nyumba ya kawaida huko Bushwick, Brooklyn, kuwa studio yenye mashine ya utepe ya njia nane. Kompyuta ya leo inakupa njia mia na zaidi, ukakosea leo ukarekebisha kesho. Njia nane maana yake ala kadhaa zinagawana njia moja. Tarumbeta ikizidi, mpigaji anarudi hatua nyuma, kwa kuwa baadaye hapatakuwa na namna ya kuipunguza peke yake. Wanapiga pamoja, sauti ya huyu ikivujia kwenye maikrofoni ya yule. Akiteleza mmoja mwishoni, wote wanaanza upya. Roth hajali sana usafi wa sauti. Kabla ya Daptone, yeye na mwenzake wa wakati huo waliwahi kutoa santuri waliyodai ni muziki wa filamu ya zamani ya kung fu. Filamu yenyewe haikuwahi kuwepo.

Ujanja kama huo ungeweza kuishia kuwa mchezo wa makumbusho, na kusema kweli kuna nyimbo zao za taratibu ambazo naziona zimepigwa pasi mno. Mark Ronson alipoitafuta sauti hiyo kwa "Back to Black" ya Amy Winehouse, 2006, alikwenda kuazima bendi yenyewe. Ila bila Sharon Jones ingebaki sauti tu. Alizaliwa mwaka 1956 huko Augusta, Georgia, mji aliokulia James Brown. Aliimba kanisani na harusini, akalinda wafungwa kisiwa cha Rikers, akalinda magari ya kubebea fedha, na albamu yake ya kwanza na Dap-Kings haikutoka hadi 2002. Saratani ilimchukua Novemba 2016.

Juzi nilimpigia mzee "100 Days, 100 Nights", wa 2007. Katikati ya wimbo huo Jones anaiambia bendi ipunguze mwendo, na wote wanashuka naye kwa pamoja: ngoma, besi, tarumbeta, bila mmoja kutangulia. Mzee akanishika mkono.

"Wanamtazama nini?"

Nikasema labda bega lake, labda mdomo.

"Sisi tulikuwa tunatazama miguu ya kijana," akasema. Alikuwa anazungumzia miaka ya tohara, kijana wa imbalu akicheza mbele kwenye vumbi na wapiga kadodi nyuma yake, ngoma zikining'inia mabegani. "Akichoka, unachoka naye kidogo. Nirudishie hapo hapo, kabla hawajashuka."