Gari Likishushwa, Raha Hupotelea Wapi?

Ukisimama kando ya barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, utaona magari ya aina mbili yaliyopitia mikono ya mafundi. Mengi ni yale yaliyoinuliwa: Fielder, Axio na Demio zilizoshuka bandarini zikiwa chini mno kwa matuta ya Ukunda na njia za mawe za Galu na Kinondo, zikawekewa spesa. Machache ni yale yaliyoshushwa, bampa karibu na lami, tairi limejificha ndani ya matao. Wenye magari ya juu huwacheka wenye ya chini, na kicheko hicho si cha bure, maana gari lililoshushwa ovyo humtikisa dereva mpaka meno. Hata hivyo, ukilala chini ukachungulia, utakuta mara nyingi kosa ni lile lile. Spesa inayokaa juu ya springi ya nyuma huinyang'anya shokomzoba nafasi ya kurefuka gurudumu linapoingia shimoni. Springi iliyokatwa hulinyang'anya gurudumu nafasi ya kupanda linapokutana na tuta. Mmoja ameila nafasi ya chini, mwenzake ameila ya juu. Raha ya gari haimo katika urefu wake kutoka ardhini, imo katika nafasi hiyo, na ndiyo sababu gari la kila siku linaweza kushushwa likabaki gari la kupanda na mama mzazi kutoka Diani hadi Msambweni, mradi anayelishusha aanze kwa kuhesabu nafasi kabla ya kuhesabu inchi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuchukue Toyota Fielder ya kizazi cha 2006 hadi 2012, gari ambalo fundi yeyote wa pwani ya kusini amewahi kulifungua. Mbele lina springi na shokomzoba vilivyoshikana kwa mfumo wa MacPherson, nyuma lina boriti inayojipinda na springi zake pembeni. Tuseme kila gurudumu la mbele limebeba kilo 350 za mwili wa gari, na springi yake huhitaji nyutoni 25 ili ijikunje milimita moja. Namba hizi ni za mfano, lakini ziko jirani na gari la ukubwa huo. Uzito huo utaikunja springi kama milimita 137, na mwili wa gari ukisukumwa utapanda na kushuka takriban mara 1.35 kwa sekunde. Magari mengi ya abiria yametengenezwa yacheze kati ya mara moja na mara moja na nusu, kasi iliyo karibu na ya mtu anayetembea, na mwili wa binadamu umeizoea.

Sasa fundi anakuja na msumeno. Springi ina mizunguko 6 inayofanya kazi, anakata mmoja. Watu wengi hudhani amefupisha springi tu, kumbe pia ameifanya ngumu, kwa sababu ugumu wa springi ya aina hii huongezeka kadiri mizunguko inavyopungua. Mizunguko 5 badala ya 6 ni ugumu zaidi kwa asilimia 20: nyutoni 30 kwa milimita. Kama mzunguko uliokatwa ulikuwa na kimo cha milimita 55, gari halishuki 55; linashuka kama 32, kwa kuwa springi iliyobaki haijikunji kama zamani. Na mitetemo? Imepanda kutoka 1.35 hadi kama 1.47 kwa sekunde. Hapa ndipo maelezo ya vijiweni yanapoanza kuyumba. Tunaambiwa gari lililoshushwa ni gumu kwa kuwa springi ni ngumu, lakini tofauti kati ya 1.35 na 1.47 ni ndogo kiasi kwamba abiria wa kawaida angeisikia kidogo na kuisahau. Lazima mateso yatoke mahali pengine.

Yanatoka kwenye raba. Ndani ya kila mguu wa gari kuna raba ya kuzuia, kipande cha povu gumu kinachongoja mwisho wa safari ya gurudumu ili chuma kisigonge chuma. Tuseme gari likiwa halijaguswa, gurudumu linaweza kupanda milimita 50 kabla ya kukutana nayo. Baada ya msumeno zimebaki 18. Tuta la kawaida mbele ya hoteli za Diani linazimaliza zote, na kuanzia hapo gari halitegemei springi tena, linategemea springi na raba kwa pamoja. Raba yenye ugumu wa nyutoni 200 kwa milimita inaupeleka mguu mzima kwenye 230, na mitetemo inaruka hadi mara 4 kwa sekunde. Namba hiyo si ya kupuuza. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2631, kinachotumika kupima mitetemo inayompata mtu aliyeketi, kinaonyesha kwamba mtetemo wa juu na chini humkera binadamu zaidi kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, eneo ambalo tumbo na uti wa mgongo huitikia kwa nguvu. Kukata springi, basi, hakulifanyi gari kuwa gumu kidogo siku nzima. Kunalifanya liwe la kawaida kwenye lami tupu, kisha katili kwenye kila tuta.

Tukishalijua hilo, tiba inajichora yenyewe. Punguza kidogo, na kile unachokipunguza juu ukitafute kwingine. Springi iliyotengenezwa fupi kiwandani, yenye ugumu ule ule wa 30, ikishusha gari milimita 25 badala ya 32, tayari imerudisha milimita 7. Shokomzoba yenye mwili mfupi, iliyokusudiwa gari la chini, inaruhusu raba fupi zaidi bila chuma kugongana; tuseme tumepata 15. Kutoka 50 tumetoa 25, tumeongeza 15, tumebaki na 40. Linganisha nishati ambayo kila mpango unaweza kuimeza kabla ya raba kuguswa: gari la kiwandani humeza kama jouli 31, lililoshushwa kwa mpango huu kama 24, lililokatwa kwa msumeno hazifiki 5. Kwa macho, mtu aliyesimama kituoni Kombani hawezi kutofautisha gari lililoshuka 25 na lililoshuka 32. Kwa mgongo, moja ni mara tano ya jingine.

Wapo wanaotumia moto badala ya msumeno: springi hupashwa joto hadi ilegee na gari lishuke lenyewe. Hilo silijadili sana. Chuma cha springi kimepewa nguvu yake kwa joto lililopimwa, na mwali wa gesi huivuruga bila kipimo. Upande mmoja utashuka zaidi ya mwingine, na hewa ya chumvi ya pwani itamalizia pale rangi ilipoungua.

Kuna swali la shokomzoba ambalo hujibiwa kwa haraka mno. Inasemekana springi ikibadilishwa ni lazima shokomzoba nayo iwe ya michezo, ngumu kabisa. Ukweli ni wa wastani zaidi. Nguvu inayohitajika kutuliza springi huongezeka kwa kipeuo cha pili cha ugumu wake, kwa hiyo springi ngumu kwa asilimia 20 inadai shokomzoba yenye nguvu zaidi kwa asilimia 10 hivi tu. Shokomzoba nzima ya kawaida iko karibu sana na mahitaji hayo. Kinachoiangusha ni urefu wake, si nguvu. Tatizo kubwa pwani ni kwamba gari lenyewe limefika likiwa limetumika miaka kadhaa, na vipuri vingi vinavyouzwa Mombasa ni vya ex-Japan, navyo vimeshachoka. Springi mpya juu ya shokomzoba iliyochoka ndiyo inayolifanya gari lidunde-dunde baada ya kila tuta, kisha lawama zote zinaiendea springi.

Nyuma ya gari ndiko hesabu inakokuwa kali, kwa sababu ndiko mzigo unakokaa. Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyepitia Rolls-Royce kabla ya kwenda General Motors, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba gari hutulia zaidi springi za nyuma zikitetema haraka kidogo kuliko za mbele: magurudumu ya nyuma hulifikia tuta kwa kuchelewa, na yakiwa na kasi zaidi huwahi yale ya mbele, mwili ukapanda na kushuka sawia badala ya kuinama na kuinuka. Anayeshusha mbele kwa springi ngumu na kuacha nyuma laini ameugeuza mpangilio huo, na abiria wa nyuma atatikisika kama aliyeketi mkiani mwa dau. Lakini hebu ongeza abiria watatu wazima na buti lililojaa nazi na maembe. Kilo 150 za ziada juu ya ekseli ya nyuma, springi mbili za nyutoni 25, na nyuma imeshuka karibu milimita 29 nyingine kabla gari halijaondoka. Ndiyo maana gari linalobeba watu halipaswi kushushwa sawa mbele na nyuma. Mbele 25, nyuma 15 au pungufu, na springi ya nyuma iwe ile inayozidi kukaza kadiri inavyokunjwa. Mwenye gari asiyetaka kuona tofauti hiyo gari likiwa tupu, achague: ama sura ya Jumapili, ama abiria wa Jumatatu.

Kushuka kupita kiasi kuna adhabu nyingine ambayo haionekani kwenye springi. Katika mfumo wa MacPherson, mkono wa chini unaolishika gurudumu ukishainama vibaya, ncha yake ya ndani ikawa chini kuliko ya nje, ile nukta ambayo mwili wa gari hulalia kwenye kona hushuka haraka kuliko gari lenyewe. Matokeo ni kinyume cha kilichotafutwa: gari la chini linalolala zaidi kwenye mapindi ya kupanda Kwale mjini kutoka Kombani. Dawa inayotolewa kwa kawaida ni springi ngumu zaidi, na hapo raha imekwisha kabisa. Milimita 25 kwa kawaida huuacha mkono karibu na usawa. Hamsini haziuachi.

Kisha kuna bushi. Bushi nyingi za mikono zimegandishwa kwenye chuma ndani na nje, hazizunguki, hujipinda. Fundi akikaza bolti zake gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, atakuwa amezifunga bushi katika hali ya kunyooka, na gari likishushwa chini zinakaa zimejipinda saa zote. Zinakuwa springi ya ziada ambayo hakuna aliyeiagiza, na hupasuka mapema. Bolti zilegezwe, gari likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe, kisha magurudumu yapangwe upya kwa mashine. Ni kazi ya nusu saa zaidi, na katika orodha yote hii sidhani kuna inayonunua raha nyingi kwa pesa kidogo kiasi hicho.

Tairi nalo ni springi, ingawa wengi huliona kama pambo. Fielder hiyo ikiwa na tairi la 195/65 R15 ina ukuta wa mpira wenye kimo cha milimita 127. Ikivalishwa 215/45 R17, ukuta unabaki 97. Milimita 30 zimeondoka mahali ambapo hakuna springi wala shokomzoba inayoweza kuzirudisha, na kwenye njia za mawe ya matumbawe yenye ncha kali rimu ndiyo inayolipa. Kama bajeti inaruhusu kubadilisha kitu kimoja tu kati ya springi na rimu, badilisha springi, uache rimu za 15 mahali pake.

Mwenye kupinga atasema: kuna shokomzoba za kurekebishwa, zenye nyuzi, unazungusha mpaka upendavyo, mbona hesabu zote hizi? Nyingi za bei nafuu hushusha gari kwa kuteremsha kikalio cha springi, yaani zinakula nafasi ile ile ya kupanda, na huja na springi za mbele zenye ugumu wa nyutoni 60 hadi 80 kwa milimita, mara mbili au zaidi ya tulizozungumzia. Zile zinazorekebisha urefu kwenye mguu wa chini, bila kuigusa safari ya shokomzoba, ni kitu kingine na bei nyingine. Hata hizo, nyuzi zake zikikaa na mchanga na chumvi bila mafuta hushikana, na uhuru wa kurekebisha ukabaki kwenye karatasi ya dukani.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la kijiografia, na hilo springi haiwezi kulijibu. Fielder yenye milimita 155 chini ya tumbo na milimita 2,600 kati ya magurudumu inaweza kuvuka mgongo wenye pembe ya nyuzi 13.6 bila kukwaruza. Ikishuka 25 inabaki na 11.4. Ikijaa watu, tumbo likashuka 20 nyingine, ni 9.7. Katika kivuko cha Likoni, pembe kati ya mlango wa feri na gati hubadilika na maji, na nyakati za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa Mombasa hupita mita 3. Gari lililopanda feri asubuhi bila shida linaweza kukwaruza sampu jioni maji yakiwa yamekupwa. Barabara ya Dongo Kundu, inayotokeza Kibundani, imelipunguzia uzito swali hilo kwa anayekwenda Miritini au Nairobi, si kwa anayefanya kazi kisiwani. Kwa huyo, mbele 25 ni mwisho, na apande kwa mshazari pale anapoelekezwa nafasi. Kwa anayeishi upande wa Kinango, ambako njia nyingi za vijijini ni za udongo na masika huzichimba, pesa za springi fupi ziende kwenye shokomzoba mpya za kimo cha kawaida.