Kamera Inayojua Kunyamaza: Siku Yangu ya Kwanza na Vihisi vya Porini, Natta

Nimeishika mkononi! Kichwa chake hakizidi kalamu nene ya kuandikia ubaoni. Kina rangi ya gome la mgunga, na mgongoni kwake unatoka waya mmoja mwembamba hadi kwenye kiboksi kinacholingana na daftari la shule. Basi, hicho tu. Hakina taa wala mlio, wala kioo cha kumeremeta. Lakini jamani, sijawahi kukutana na kifaa kidogo kilichonisisimua kiasi hiki, na nimekutana nacho nyumbani, Natta, wilaya ya Serengeti, kando ya barabara ya kutoka Makutano kwenda Mugumu, ambako tembo ni jirani na nyumbu ni mgeni wa kila mwaka.

Ni kamera ya njiani yenye akili unde. Inatazama, inatambua, na ikiona mtu inatuma picha kwenye simu ya askari. Ikiona fisi, inakaa kimya. Huko kunyamaza ndiko kulikoniteka, na ndiko ninakotaka Serikali ikuweke mstari wa kwanza kila inapoandika zabuni ya vifaa vya ulinzi, viwe vya kutazama ardhini au vya kukabili ndege nyuki (droni) angani.

Tuanze na jaribio, maana ndilo lililonimaliza.

Ndugu yangu mmoja anayefanya kazi ya ulinzi wa wanyamapori aliifunga kwenye shina la mgunga, kimo cha goti, kichwa kimezama ndani ya ufa wa gome. Kiboksi alikificha juu zaidi, nyuma ya majani. Waya aliupitisha kwenye mikunjo ya gome, kisha akaupaka udongo kwa kidole. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikaitafuta. Nilijua ipo, nilijua mti ni upi, na bado sikuiona!

Wakapita ng'ombe wanne waliotangulia kurudi zizini. Simu kimya. Akapita mbwa, simu kimya. Upepo ukavuma, nyasi zikalala na kuinuka, simu kimya.

"Haya, pita wewe, mura," akaniambia.

Nikapita mwendo wa kawaida, huku nahesabu kimoyomoyo. Nilipofika ishirini na sita, simu ikatetema mkononi mwake. Nikakimbia kurudi. Nilikuwa pale kwenye kioo, mguu wa kushoto mbele, mikono mitupu. Picha si ya kutundika ukutani, ni ya kijivu na pembeni imefifia, lakini inajibu yale askari anayotaka kujua: ni mtu au si mtu, wako wangapi, wamebeba nini, wanaelekea wapi. Sekunde 26! Kabla sijamaliza kona ya njia, habari zangu zilikuwa zimeshafika.

Kwa nini nalifurahia hivyo jambo la kamera kukaa kimya? Waulize watafiti wa Serengeti. Mwaka 2010, Ali Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota alianza kutega kamera 225 katikati ya hifadhi, kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125, katika mradi uliokuja kujulikana kama Snapshot Serengeti. Zile kamera zilishtuliwa na joto na mwendo. Hadi 2013 zilikuwa zimekusanya seti za picha milioni 1.2, na kati ya hizo ni 322,653 tu zilizokuwa na mnyama. Sehemu kubwa ya zilizobaki zilikuwa nyasi na kivuli! Ilibidi watu zaidi ya 28,000 wa kujitolea duniani kote wakae kwenye kompyuta wakisaidia kutambua nani ni swala na nani ni pundamilia. Kwa sayansi, kazi ile ni hazina. Kwa askari aliye zamu saa nane usiku, kamera ya namna ile ingempigia kelele mpaka aizime simu. Mlinzi anayepiga yowe kila jani likidondoka, siku mwizi akija hakuna anayeamka.

Ndipo ikaja TrailGuard, kamera ya shirika la RESOLVE la Marekani, na sisi wa huku tuna haki ya kutembea kifua mbele, maana toleo lake la mwanzo lilijaribiwa kwenye pori la akiba la Grumeti, hapa hapa jirani yetu. Kwa taarifa waliyotoa Januari 2019, jaribio lile lilisaidia kukamatwa majangili 30 wa makundi 20, pamoja na zaidi ya kilo 590 za nyamapori. Kisha Intel ikaongeza chipu ndogo inayoitwa Movidius, na kamera ikapata akili yake yenyewe: uamuzi wa "huyu ni mtu" unafanyika mtini, si kwenye kompyuta ya mbali. Kwa kuwa haitumi takataka, haili betri. Walisema inaweza kukaa hadi mwaka mmoja na nusu bila kuguswa. Na mwaka 2023 watafiti walioitumia kwa chui milia nchini India waliandika kwamba taarifa ilimfikia mlinzi kwa takriban nusu dakika. Kwa hiyo sekunde 26 za kifaa cha ukoo uleule, pale Natta, hazikuwa bahati yangu.

Sasa unganisha kamera na ndugu zake, ndipo raha inapokolea. Kuna kola za tembo na faru zinazotoa mahali walipo. Kuna LoRa, mawimbi ya redio yanayobeba ujumbe mfupi sana kwa nguvu ndogo sana, ambayo penye uwazi husafiri kilomita kumi na zaidi kutoka antena moja iliyo kilimani. Na kuna EarthRanger, programu iliyoanzishwa na kampuni ya Vulcan ya marehemu Paul Allen, ambayo Grumeti walikuwa miongoni mwa watumiaji wake wa mwanzo. Kwenye kioo kimoja unaona tembo, gari la doria, askari wa miguu na mahali waya wa mtego ulipookotwa. Ukitazama vile vinukta vikitembea juu ya ramani, unalielewa pori kama mama anavyowajua wanawe kwa hatua zao gizani.

Haja ipo, na ni kubwa. Tanzania ilikuwa na tembo 109,051 mwaka 2009. Ilipofika 2014, sensa iliwakuta 43,330. Miaka mitano tu! Na si pembe peke yake. Utafiti uliochapishwa 2015 ulikadiria kwamba nyumbu kati ya takriban 98,000 na 140,000 huuawa kwa mwaka katika ikolojia ya Serengeti, wengi wao kwa mitego ya waya. Septemba 2019 faru weusi 9 waliletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini hadi Grumeti. Mali kama hiyo hailindwi kwa tochi na filimbi.

Juu angani sasa. Jina letu la ndege nyuki limebeba siri nzuri: tembo huogopa nyuki, na baadhi ya watafiti wanadhani mvumo wa mapangaboi unamkumbusha mdudu huyo. Katika majaribio 51 yaliyofanyika kwenye ikolojia za Tarangire-Manyara na Serengeti, yaliyochapishwa 2017, tembo wote waliikimbia ndege nyuki. Wote! Kwa mkulima wa Natta anayelala juu ya dungu akilinda mahindi, hiyo ni habari ya chakula cha mwaka mzima.

Lakini ndege ileile mikononi mwa jangili ni jicho la kumtafutia faru. Na mikononi mwa mgeni anayetaka picha ya kupendeza ni hatari kwa ndege ndogo zinazotua Seronera na kwa maputo ya watalii yanayopaa alfajiri. Ndiyo maana kurusha ndege nyuki nchini kunahitaji kibali kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya hifadhi huwezi kurusha bila ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Dunia ilipata somo Desemba 2018 pale Gatwick, Uingereza: taarifa za ndege nyuki karibu na njia ya kurukia zilivuruga safari takriban 1,000 na abiria wapatao 140,000.

Vifaa vya kukabili ndege nyuki viko vya namna mbili, na mnunuzi wa umma asizichanganye. Namna ya kwanza husikiliza. Ndege nyuki nyingi za dukani huongea na mrushaji wake kwenye masafa ya gigahezi 2.4 na 5.8. Kipokezi chenye antena kadhaa huyasikia mazungumzo hayo, na kwa aina nyingi za ndege hizo kinakuonyesha si ndege tu bali upande aliko mrushaji! Hakitoi mawimbi yoyote, hakimsumbui mtu, kinanyamaza mpaka kuna jambo. Ni ndugu wa damu wa kamera yangu ya mgunga. Namna ya pili hupiga kelele: humwaga mawimbi kwenye masafa yaleyale ili ndege ipoteze mawasiliano. Hiyo ina mahali pake, kwenye viwanja vya ndege na kwenye mikutano ya wakuu wa nchi, mikononi mwa wenye mamlaka. Porini inaweza kuvuruga vifaa vingine vya jirani vinavyotumia masafa hayo. Ushauri wangu ni mmoja: nunua masikio kwanza. Ukimpata mrushaji, ndege itashuka yenyewe.

Hapa ndipo naiomba Serikali yangu kwa moyo wote. Milango ya ununuzi iko wazi kuliko wakati mwingine wowote. Tuna Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023. Tuna NeST, mfumo wa kielektroniki ulioanza kutumika mwaka huohuo kuchukua nafasi ya TANePS, ambao kijana wa Mugumu mwenye kampuni ndogo anaweza kuuingia kwa simu yake na kuiona zabuni sawa na mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Tumetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu. Kwa hiyo, TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori) na TANAPA wanapoandika mahitaji ya kiufundi, wasiishie kwenye ukali wa lenzi na idadi ya vipande. Waandike dakika. Kutoka mtu kupita mpaka askari kupata picha: isizidi dakika moja. Taarifa za uongo kwa wiki: zisizidi idadi fulani. Betri: ijaribiwe kwenye joto na vumbi la Septemba hapa hapa, si kwenye chumba chenye kiyoyozi. Na mzabuni aje porini aonyeshe, kabla ya saini!

Upungufu upo, nami nausema kwa sababu nakipenda kifaa hiki. Mahali pasiposhika mtandao wa simu, kamera inabaki na picha yake mpaka uiwekee setilaiti, na hiyo ni gharama. Tembo akijikuna kwenye mti ule, kwaheri kamera. Kubwa zaidi, picha haikamati mtu. Kama pikipiki ya doria haina mafuta, sekunde 26 hazina faida.

Na kuna jambo la heshima. Njia za Natta hazipitwi na majangili peke yao. Zinapitwa na mama anayetafuta kuni, mzee anayefuata ng'ombe aliyepotea, watoto wa shule. Kamera inajua mtu, haijui nia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, basi kila mkataba wa kununua kihisi useme wazi nani anaiona picha, inakaa siku ngapi, na inafutwa lini. Wananchi waambiwe kwenye mkutano wa kijiji kwamba kamera zipo, hata kama hawaonyeshwi mti. Natta Mbisso ni miongoni mwa vijiji vilivyounda jumuiya ya hifadhi ya Ikona. Watu hawa walitoa ardhi yao kwa wanyamapori, hawastahili kuviziwa kama wageni kwao.

Hukumu yangu? Inunuliwe! Ianzie kwenye njia za tembo zinazoingia mashambani, na simu ya kwanza kutetema iwe ya askari wa wanyamapori wa kijiji, kijana wa hapa anayejua kila kijia kwa jina. Teknolojia hii ilijaribiwa kwenye nyasi zetu. Haifai turudi kuwa watu wa kusimuliwa.

Jioni ile, kabla ya kuifungua kutoka mtini, tulikaa mbali kidogo tukisubiri giza. Fisi alipita palepale nilipopita mimi, akasimama, akanusa gome, akaendelea na safari yake. Ndugu yangu aliigeuza simu akanionyesha kioo. Kilikuwa cheusi. Akatabasamu, akairudisha mfukoni. Kama ingekuwa zamu yake ya usiku, angelala.